Nikufungulie Nini?

Neno "fungua" limeniaibisha mara mbili maishani, na kila mara kwa maana yake tofauti. Nawaandikia ninyi vijana mafundi mnaokaa na meza zenu za vioo pale karibu na soko la Morogoro. Nikipita mnaniamkia kwa adabu, "Shikamoo Bibi Fundi," halafu nikishawapa mgongo mnaicheka miwani yangu. Nawasikia. Masikio bado mazima. Chekeni tu, na mimi niliwacheka wazee wangu, ila nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Aibu ya kwanza ni ya kuchekesha, kwa hiyo nianze nayo.

Mimi ni Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora, nililetwa Morogoro na kazi ya kiwanda cha nguo nikiwa binti. Miaka kumi na moja nilikuwa kwenye mashine za nyuzi. Uzi ukikatika unaukamata kwa ncha za vidole mashine ikiwa inakwenda, unaunga, unaachia. Likaja soko huria, kiwanda kikabadilishwa mikono, tukaambiwa tumepunguzwa. Nikatoka na kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata shingo. Mji mzima wakati ule uligeuka duka. Aliyekuwa karani anauza mitumba, aliyekuwa msimamizi wangu anakaanga chipsi. Mimi nilikuwa nauza vitumbua mbele ya kibanda cha fundi redio mmoja, Mzee Salehe. Mzee huyu alikuwa mnene, mpole, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Siku moja alishindwa kuunganisha waya mwembamba kama unywele. Nikaacha vitumbua, nikamwambia, "Hebu lete." Nikauunga. Akanitazama, akautazama waya.

"Mikono hii umeitoa wapi?"

"Kiwandani."

"Basi wamefukuza mali. Kesho njoo bila vitumbua."

Watu walimcheka kwa kumfundisha ufundi mwanamke, tena mpika vitumbua. Yeye aliwajibu kwamba redio haijui anayeifungua amevaa suruali au kanga. Nikikaa peke yangu huwa namshukuru mzee yule kwa sauti, mpaka jirani yangu anadhani nina mgeni ndani.

Sasa simu za mkononi zikaingia. Mwanzoni zilikuwa za wakubwa, wenye kuzivaa kiunoni na kuongea kwa kelele ili mtaa usikie. Siku moja akaja mwalimu mmoja wa chuo, ametoka masomoni Ulaya, akaweka simu yake mezani. "Mama, naomba unifungulie simu hii, nina haraka, nitaipitia baada ya saa moja." Mzee Salehe alikuwa ameenda msikitini. Nikajisemea, kazi ndogo hii. Nikachukua bisibisi, nikafungua misumari yote, nikatoa kava, vitufe, kioo, bodi, nikavipanga kwenye sinia kwa mstari kama nilivyofundishwa, kila msumari mahali pake. Mwalimu aliporudi akakuta simu yake imelala kwenye sinia kama samaki aliyeparuliwa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si umesema nifungue? Nimefungua."

Mzee Salehe alicheka mpaka akashika mlango. Mwalimu maskini alitaka tumfungulie mtandao! Simu yake ilikuwa imefungwa kule alikoinunua, ikiwekewa laini ya hapa inagoma na kudai namba za kufungulia. Mimi nimefungua misumari.

Ndipo Mzee Salehe akanikalisha chini. "Nyamizi, kwenye biashara hii kuna kufungua kwa namna tatu. Kuna kufungua misumari, hiyo ni ya bisibisi. Kuna kufungua mtandao, hiyo ni ya mkataba. Na kuna kufungua siri, ile namba aliyoiweka mwenyewe ili mwingine asiingie. Mteja atakuja na neno moja tu, 'nifungulie.' Kazi yako ni kumuuliza, nikufungulie nini?"

Nikaona mzee anakuza mambo. Fungua ni fungua. Nilikuwa bado mgeni, na mgeni akishajua kidogo hana wa kumwambia.

Mnaniuliza kila siku kuhusu hii ya pili, kufungua mtandao, kama ni halali au ni wizi. Wakati ule sheria ya simu hapa Morogoro hatukuijua hata ilikaa kabati gani. Mzee Salehe alikuwa na sheria yake, na mpaka leo sijapata iliyo bora. Alisema hivi: kampuni ya kule humpa mtu simu kwa bei ya chini, lakini kwa ahadi kwamba atatumia mtandao wao kwa muda fulani. Ni kama mtu akupe jembe kwa sharti ulime kwanza shamba lake. Ukilipeleka kwa jirani kabla hujamaliza, umemvunjia ahadi. Ukishamaliza, jembe ni lako, na akiendelea kulifungia kwa kufuli, anayekosea sasa ni yeye. Kwa hiyo tulimuuliza kila mtu: ulinunua au ulipewa kwa mkataba? Mkataba umekwisha? Una risiti? Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wasiouliza. Mafundi wasiouliza hawajawahi kupungua mji huu.

Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka Dar na begi zima la simu za nje, tufungue zote na kuzibadilisha ile namba ya utambulisho ambayo kila simu huzaliwa nayo. Ningezifungua kwa wiki moja, ningepaua nyumba yangu. Mzee Salehe akachukua simu tatu nne, akaziwasha. Moja ilikuwa na picha ya mtoto anazima mishumaa ya keki. Akazirudisha, akafunga zipu ya begi mwenyewe. "Bwana mdogo, hizi zina wenyewe na wenyewe wanazitafuta." Nilinuna siku mbili nzima. Leo hii mnajua kwamba kubadilisha namba ile ni kosa la jela. Mimi niliepushwa na jela na mzee ambaye hakuwa amesoma hiyo sheria, maana ilikuwa haijaandikwa.

Haya, sasa Mama Zainabu.

Alishuka kutoka Kinole, kijiji cha milimani, na pikapu ya ndizi, mama wa makamo, kanga mbili, mkononi kifurushi cha mdalasini cha kutuzawadia kabla hata hajasema shida yake. Binti yake Zainabu alikuwa Uingereza, anahudumia wazee kwenye nyumba yao, na alikuwa amemtumia mama yake simu kwa mkono wa msafiri. Simu ndogo ya bluu. Ikiwekewa laini inagoma. Safari hii nilikuwa na akili, nikauliza, "Nikufungulie nini, mama?" Akatoa barua ya Zainabu. Mle ndani ameandika kwamba simu ilikuwa yake mwenyewe, muda wa mkataba umekwisha, fundi awe huru. Na risiti ipo. Mzee Salehe aliisoma barua ile kwa furaha kama mtu aliyesifiwa kwao.

Nikaifungua mtandao. Nikamfundisha kupokea, kupiga, na kuhifadhi namba ya Zainabu. Nikamwambia aihifadhi kwenye simu yenyewe, sio kwenye laini, kwa sababu laini hupotea. Kumbukeni hilo, ni mimi niliyemwambia. Kisha akataka namba ya siri.

"Ya nini, mama? Kinole nani atakuibia?"

"Wajukuu," akasema. "Watachezea watamfuta mwanangu."

Akageuka pembeni akaiweka mwenyewe, nisiione. Akanishika mkono. "Fundi, hii hata wewe usiiguse."

Mzee Salehe alikuwa na desturi: kila simu tuliyoifungua tuliandika kijikaratasi tukakibandika ndani, nyuma ya bodi, pasipoonekana mpaka utoe misumari. Nikaandika kwa mkono wangu: *Mama Zainabu, Kinole. Mtandao tu. Siri usiguse.* Tukaagana. Tangu hapo kila alipokuja mjini alipita kunisalimia, na kila Jumapili mchana alipanda kwenye jiwe moja juu ya kijiji, mahali pekee mtandao ulipokamata, akamngoja Zainabu apige.

Ukapita kama mwaka na zaidi. Mafundi tuliongezeka, simu zikawa nyingi, kichwa changu kikawa kikubwa. Nilikuwa nafungua simu kumi kwa siku, na simu ndogo za bluu zilikuwa zimejaa kila mfuko.

Akaja Maganga. Huyu alikuwa mtu wa kwetu Tabora, anakaa Kingolwira karibu na stesheni, analangua ndizi na machungwa ya milimani. Akaingia kwa vicheko, tukaamkiana Kinyamwezi, tukaulizana habari za nyumbani.

"Dada Nyamizi, nifungulie simu."

"Umeipata wapi?"

"Nimeitaifisha!" akasema, akacheka. "Nilikuwa msibani kwa watani zangu Waluguru. Nimepora simu, nikaondoka nayo nikiimba."

Nami nikacheka. Vijana, msije mkadhani nilikuwa nacheka wizi. Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu mababu zetu walipopita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Msibani mtani ana kazi zake. Anachimba kaburi, anatumwa kupeleka habari, anachekesha wanaolia ili wapumue. Na ana ruhusa ya kunyakua kitu cha wafiwa. Kuku, sufuria, chochote. Wafiwa baadaye wanakuja kukigomboa kwa kitu kidogo, yanaisha kwa vicheko na udugu unakazwa. Kwa hiyo niliposikia mtani kapora simu, mimi nilikuwa namwona tu mjomba wa watu anavyoishuka milima kuja kuigomboa, nikazidi kucheka.

Sikuuliza nikufungulie nini. Niliona inadai namba ya siri, nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikaiflashi. Mnajua kuflashi: unasafisha kichwa chote cha simu, namba ya siri inaondoka, na kila kitu kilichokuwa kimehifadhiwa kinaondoka nayo. Mzee Salehe alikuwa amenifundisha, kabla ya kuflashi nakili majina yote kwenye karatasi, na kama huwezi kuingia kuyanakili, basi huna ruhusa ya kuingia. Siku ile nilikuwa nacheka na mtu wa kwetu.

Simu ikawaka safi kama imetoka dukani. Maganga akafurahi. "Hebu na vitufe, dada, vinanata." Nikafungua misumari ili nisafishe vitufe. Nikatoa bodi.

Kijikaratasi kile hapo. Mwandiko wangu. *Siri usiguse.*

"Maganga," nikamwambia, "msiba ulikuwa wa nani?"

"Mama mmoja wa Kinole. Mama Zainabu. Homa ilimbeba siku tatu tu."

Nilikuwa sijui kama amekufa, na namna nilivyojua ndiyo hiyo, kwa kusoma karatasi niliyoiandika mwenyewe. Halafu likaja la pili, zito zaidi. Nikamuuliza kama binti wa Uingereza amepata habari. Maganga naye sasa uso umembadilika. "Nilisikia wanasema watakuja kuigomboa simu haraka, maana namba ya binti imo humo. Ndiyo maana niliileta uifungue, niwapunguzie shida."

Alikuwa hana nia mbaya hata chembe. Na mimi sikuwa na nia mbaya. Pamoja na hayo, baina yetu wawili, kwa vicheko, tulikuwa tumemfuta mtoto wa mtu.

Mzee Salehe alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, amesikia yote. Nilingoja anifokee. Alisema tu, "Funga meza, Nyamizi."

"Mzee, kuna simu za watu saba hapa."

"Watangoja. Panda Kinole."

Tulipanda na Maganga kwenye pikapu iliyokuwa inarudi tupu, tunapigwa na mabomba ya kuegemea kila kona. Maganga, mtu wa maneno yule, alikuwa amekumbatia kofia yake. Mimi nilikuwa natunga uongo. Nisiwafiche. Nilitunga kwamba simu ilianguka kwenye maji, nikatunga kwamba ilikuja kwangu ikiwa imeshafutika. Uongo wa kifundi ni rahisi sana, mteja hajui kitu, chochote utakachomwambia ataitikia.

Msibani tulimkuta Mjomba Mkude, kaka yake marehemu, na Bi Mwanaidi, mdogo wake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Walipomwona Maganga na simu wakaanza utani, "Mpagazi amechoka mzigo, ameurudisha mwenyewe!" na Mjomba Mkude tayari ameshika jogoo wa kuigombolea. Jogoo mwenyewe mwekundu, anapiga mbawa. Uongo wangu wote ukanitoka kichwani nilipomwona jogoo yule.

"Mjomba, usinipe kuku," nikasema. "Namba ya Zainabu haimo tena. Nimeifuta mimi. Mama yake alinikataza kuigusa siri yake na nimeigusa bila kuuliza."

Bi Mwanaidi akakaa chini. Mjomba Mkude alikuwa mtu mrefu, na alipokasirika sauti yake haikupanda, ilishuka. "Ina maana mtoto hajui na hatajua?"

"Barua?" nikauliza.

"Amehama. Barua ya mwisho imerudi. Alimwambia mama yake anwani mpya kwa hiyo simu." Akanitazama. "Fundi gani wewe? Watani huchukua sufuria, hawali kilichomo ndani."

Sijatukanwa tusi lolote maishani lililoniingia kama maneno yale. Nikalia. Nilikuwa mtu mzima, fundi wa kutegemewa, nikalia mbele ya wafiwa kana kwamba msiba ni wangu.

Ni ufundi ulionirudishia akili. Nikafuta machozi nikauliza, "Laini yake iko wapi?"

Maganga akainua mkono kama mwanafunzi. "Laini niliwaachia. Nilichukua gamba tu."

Bi Mwanaidi akaenda ndani akarudi na kopo la mafuta ya kujipaka. Laini imo, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Walikuwa wameihifadhi bila kujua ya nini. Wakati ule watu wengi walidhani namba ya mtu inakaa kwenye simu. Nikawaeleza: sisi hatuwezi kumpigia Zainabu, lakini Zainabu anaweza kutupigia. Namba ya mama yake ni hii laini. Ikiwa hewani, itaita. Jumapili iliyopita hakuipata kwa sababu ilikuwa kwenye kopo.

"Atapiga tena?" Mjomba Mkude akauliza.

"Jumapili mchana," akasema Bi Mwanaidi. "Hajawahi kukosa."

Nililala kwao, nikasafisha ile simu mpaka vitufe vikang'aa, nikaichaji kwa betri ya gari la jirani. Jumapili mchana tukapanda kwenye lile jiwe, mjomba, Bi Mwanaidi, Maganga na mimi. Nikanyoosha simu mkono juu mpaka mtandao ukakamata. Nikampa Mjomba Mkude. Akarudisha mikono nyuma.

"Mimi nimemzika dada yangu. Sitamzika tena kwenye simu," akasema. "Kupeleka habari ya msiba ni kazi ya mtani. Na wewe ni Mnyamwezi. Pokea wewe."

Nikamtazama Maganga. Maganga akatazama migomba.

Tulikaa pale mpaka jiwe likapata joto. Halafu ikaita. Vijana, nimepokea simu ngapi maishani? Ile peke yake ndiyo niliyoipokea kwa mikono miwili.

"Mama, shikamoo!"

Mmekulia hapa, mnajua. Mtoto akikuamkia, mdomo unajibu wenyewe kabla akili haijafika. Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikasikia anapumua. "Alhamdulillahi! Jumapili iliyopita nimepiga mpaka kadi ikaisha, nikasema kuna nini. Mama, mbona sauti nzito? Una mafua?"

Bi Mwanaidi alijiziba mdomo kwa kanga. Nilijua nina neno moja la kusema kabla kosa halijawa uongo.

"Zainabu, mimi si mama yako. Naitwa Nyamizi, fundi wa mjini niliyeifungua simu hii ulipoituma. Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama. Nangoja basi. Mama yuko wapi?"

"Tafuta pa kukaa, mwanangu."

Nikamngoja. Nikasikia magari ya kwao yanapita.

"Nimekaa."

"Mama ametangulia mbele ya haki. Leo ni siku ya kumi na moja. Alizikwa vizuri, mjomba wako na mama yako mdogo niko nao hapa. Umechelewa kujua kwa sababu namba yako ilikuwa humu ndani na mimi niliifuta. Wa kulaumiwa ni mimi, usiwalaumu wao."

Sitaandika jinsi alivyolia. Hiyo ni siri yake, na siri ya mtu nilishajifunza. Sikukata simu. Baadaye nikampa Bi Mwanaidi, na Bi Mwanaidi akampa mjomba, akapokea hatimaye, maana akishalia mtu wake mjomba hawezi kujificha. Kabla kadi haijaisha Zainabu akataja namba yake. Hatukuwa na kalamu! Fundi mzima nimepanda mlima bila kalamu. Mjomba Mkude akachomoa kisu akaikwangua juu ya jiwe, tarakimu kubwa kubwa, na nasikia mpaka leo ukipanguza ukungu inasomeka.

Adhabu yangu ilikuja siku ya arobaini. Niliitwa, nikaenda. Watani zangu Waluguru wakanivisha mkufu wa maganda ya ndizi, nikaosha masufuria yote ya shughuli, huku akina mama wananiuliza, "Fundi, na hili sufuria limefungwa mtandao?" Maganga alichota maji kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka. Ilipofika jioni Mjomba Mkude akaniletea yule jogoo mwekundu, akasema yaliyopita yamepita. Nilikuja hapa bila ndugu, watu wale wakanifanya ndugu kwa kosa langu mwenyewe. Niambieni nishukuru kwa lipi, kama si kwa hilo?

Niliporudi mezani nilichukua kipande cha boksi nikaandika kwa rangi: NIKUFUNGULIE NINI? Nikakitundika juu ya kichwa changu, na hakikuteremka mpaka nilipostaafu. Mteja akija na namba ya siri asiyoijua, nilimwambia ampigie mwenye simu mbele yangu. Hakuna mwenyewe, hakuna kufungua. Mzee Salehe alikisoma kibao kile siku ya kwanza, akasogeza kiti chake, akasema vitumbua nilikuwa napika vizuri zaidi kuliko ninavyoandika. Mungu amrehemu.

Zainabu alirudi nyumbani baada ya miaka mitatu. Alikuja mezani kwangu kabla hajapanda Kinole, mrefu kama mjomba wake, akaniwekea mbele ile simu ndogo ya bluu aliyotumiwa na Bi Mwanaidi. Nikadhani ameleta shauri. Nikaanza kuomba radhi upya, akanikatisha.

"Ile siku niliposikia 'marahaba, mwanangu,'" akasema, "nilikaa na mama yangu kidogo zaidi. Ni wewe ulikuwa unaitikia, najua. Lakini mimi nilikuwa naye."

Nikaisogeza ile simu irudi upande wake.

"Basi endelea kuitikia," akasema. "Hiyo nakuruhusu mimi mwenyewe."

Alirudi zake Uingereza. Jumapili mchana mkipita mkaona nimeketi barazani na simu mkononi, sijafanya chochote, msiniamkie kwa muda huo mkanichanganya. Namngoja mwanangu apige.